Waya Kwanza, Kadi Baadaye

Msikilizaji, kabla ya yote nimeisogeza maikrofoni hadi ukingoni mwa meza ili uusikie mlio huu. Hivyo ni vitufe vya kompyuta ya mwaka 1983. Vinazama hadi chini, kisha vinarudi juu kwa mlio mkavu, kama taipureta iliyofunikwa blanketi.

Mashine hii iliyo mbele yangu inaitwa TRS-80 Model 100. Ilitengenezwa na Kyocera huko Japani, ikauzwa na Radio Shack, maduka ya kampuni ya Tandy ya Marekani. Ukubwa wake ni wa daftari kubwa la shule, ila nene zaidi. Kioo chake kinaonyesha mistari 8, na kila mstari unabeba herufi 40, basi. Inatumia betri nne ndogo, zile zile unazoweka kwenye rimoti ya televisheni, nazo humfanyia mwandishi kazi kwa muda wa kama saa 20. Bill Gates amewahi kusema kwamba programu zilizomo ndani yake ni kazi ya mwisho ambayo yeye mwenyewe, kwa mkono wake, aliandika sehemu kubwa yake. Waandishi wa habari wa Marekani waliipenda mno, hasa wale wa michezo. Mtu alikaa uwanjani na mashine mapajani, akaandika, mechi ikiisha akatafuta simu na kuituma habari chumba cha habari, maana mashine ina modemu yake ndani.

Ninachotaka tuzungumze leo si sifa zake. Nataka tuzungumze juu ya mahali maneno yanapolala baada ya kuandikwa. Ukiipata kompyuta ya zamani ya kubeba mkononi, ikawaka, ikaandika, swali linalofuata ni moja tu: utaitoaje humo kazi yako? Mashine isiyo na mlango wa kutokea inaishia kabatini kama pambo. Mimi sitaki pambo. Nataka chombo cha kazi, na mazungumzo haya unayoyasikia nimeyaandika humu humu.

Ielewe kwanza mashine yenyewe ilivyofikiriwa. Haina diski ndani. Ukibonyeza swichi inawaka papo hapo, na maneno uliyoyaacha jana yako pale pale ulipoyaacha. Hakuna kusevu, hakuna kufungua, hakuna kusubiri. Unachokiandika kinakaa kwenye kumbukumbu ya umeme, na betri ndizo zinazokilinda usiku na mchana. Mashine yenye kumbukumbu kamili ya kilobaiti 32, ukiiwasha ikiwa tupu, inakuandikia chini ya kioo kwamba una baiti 29,638 za kutumia. Baiti moja ni herufi moja. Kwa Kiswahili chetu, chenye maneno marefu marefu, hiyo ni kama maneno elfu nne. Mazungumzo ya leo peke yake yamekula zaidi ya nusu ya nafasi yote.

Na hapo Kiswahili kina bahati ambayo sijasikia ikitajwa sana. Herufi zetu hazina alama juu wala chini. Mfaransa akiandika kwenye mashine ya zamani, kisha akahamishia maneno yake kwenye kompyuta ya leo, ana hatari ya kuzikuta herufi zake zenye mikia na kofia zimegeuka vituko. Sisi tunaandika ng'ombe, tunaweka kile kialama kidogo cha juu, na hicho kimo kwenye vitufe tangu mwanzo. Maandishi ya Kiswahili yanatoka kwenye mashine ya mwaka 1983 na kuingia kwenye simu ya leo bila herufi hata moja kuumia. Nimejaribu mara nyingi na halijanishinda hata neno moja.

Mashine yangu ilinifikia kupitia shemeji yangu anayeishi Marekani. Aliikuta kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, akanitumia ndani ya mkoba wake wa zamani. Mlikuwa na mashine yenyewe, kaseti moja, kile kisanduku chake cha nje cha kusomea diski, na diski moja ya inchi tatu na nusu. Kwenye kaseti na kwenye diski palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono herufi zile zile tano. Mtu fulani alihifadhi kitu kimoja mahali pawili. Nilijua siku hiyo hiyo kwamba sitatulia mpaka nikione.

Lakini mashine ilikuwa kimya. Nikaipeleka kwa fundi wetu wa redio, mzee ambaye ametengeneza redio za mtaa mzima tangu nikiwa mtoto. Nikamwamkia, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akafungua skrubu nne za chini, akazitenganisha sehemu mbili polepole kwa sababu nyaya zake ni fupi. Akanionyesha kitu kimoja cha mviringo kilicholehemiwa kwenye bodi. Ilikuwa betri ya pili, ndogo, ya nikeli na kadimi, ambayo kazi yake ni kuilinda kumbukumbu wakati unabadilisha betri kubwa. Ilikuwa imetapika. Ukoko wa kijani na mweupe ulikuwa umetambaa kutoka pale ilipo hadi kwenye njia za shaba za jirani.

Akaniambia, "Mwanangu, hii ilikufa zamani. Sasa inaua majirani zake."

Akaikata kwa koleo, akachovya pamba kwenye siki, akaanza kusugua taratibu mpaka shaba ikang'aa. Siki kwa sababu majimaji ya betri ya namna ile ni kama magadi, na uchachu huyatuliza. Akaunganisha upya njia moja iliyolika kwa waya mwembamba kama unywele. Tukaweka betri nne mpya, na kile kioo kikaandika tarehe yake ya zamani: Januari mosi, mwaka 1900. Kama una kompyuta ya miaka hiyo mahali fulani, msikilizaji, hata kama huna haja nayo mwaka huu, ifungue na uitoe betri ya ndani. Mambo mengine yote yanaweza kusubiri, ila hilo halisubiri.

Hiyo tarehe nayo ina lake. Mashine imejengwa na tarakimu 19 ndani yake. Ukiiambia ni mwaka 2024, itaandika 1924, na haitakubali vingine. Tena mafaili yake hayabebi tarehe kabisa. Yana jina tu, herufi sita, nukta, halafu herufi mbili za kuonyesha aina. Ndiyo maana mimi mstari wa kwanza wa kila ninachoandika ni tarehe, kwa mkono wangu, ndani ya maandishi yenyewe.

Sasa nikueleze nilivyopoteza. Fundi alikuwa ameitoa ile betri ndogo, na mpya ilikuwa haijapatikana. Kitabu cha mashine kinasema betri hiyo ndogo ikiwa nzima na imejaa, huilinda kumbukumbu ya kilobaiti 32 kwa kama siku nane bila betri kubwa. Mimi sikuwa na hata dakika moja. Nililijua hilo. Lakini betri kubwa zilipoanza kuisha, taa nyekundu ya onyo ikawaka, nikazitoa nne zote kwa haraka, nikaweka nyingine. Nilikuwa nimeandika humo mahojiano na mzee mmoja mvuvi, saa mbili za mazungumzo, na daftari nililokuwa nimeandikia mambo yenyewe nilishalitupa. Kioo kikaniambia kwa upole: baiti 29,638 ziko huru. Nilirudi kwa yule mzee, akanipokea vizuri, akanisimulia tena. Lakini mtu hasimulii jambo mara mbili kwa maneno yale yale. Kuna namna alivyoueleza upepo siku ile ya kwanza ambayo sitaipata tena, na mpaka leo inaniuma.

Tangu siku hiyo suala la hifadhi si la ufundi tu kwangu.

Njia ya kwanza kabisa waliyopewa wenye mashine hii ni kaseti, kaseti hizi hizi za muziki. Wewe uliyewahi kurudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili usimalize betri za redio, unaijua vizuri. Kompyuta inaimba maneno yako kwa milio miwili, mmoja wa chini na mmoja wa juu, kwa kasi ya biti 1500 kwa sekunde, na redio ya kaseti inarekodi. Kumbukumbu yote ya mashine inaingia kwenye mkanda kwa dakika tatu hivi. Kurudisha ni kucheza mkanda ule ule huku kompyuta inasikiliza.

Na niseme jambo moja hapa kwa sababu ni la wenzetu wa redio. Uholanzi, miaka ya 1980, shirika la utangazaji la NOS lilikuwa na kipindi kiitwacho Hobbyscoop. Walikuwa wanarusha programu za kompyuta hewani, kama mlio. Msikilizaji anarekodi kwenye kaseti, kisha anaiingiza kwenye kompyuta yake. Kwa kuwa kompyuta za wakati ule zilikuwa kila moja na lugha yake, walibuni utaratibu wa pamoja uitwao BASICODE, ili programu moja ieleweke kwa mashine za kampuni tofauti. Hebu fikiria, mtangazaji anasema "sasa tayarisheni kaseti zenu", halafu kwa dakika kadhaa taifa zima linasikia mlio wa nyuki wa chuma, na ndani ya mlio ule mna kazi kamili ya mtu. Nikiifikiria nasisimka. Redio imebeba mengi, lakini kubeba mafaili watu wengi wamesahau.

Leo kaseti haina haja ya kuwa kaseti. Mlio ni mlio. Waya ule uliokuwa unaingia kwenye redio unaweza kuingia kwenye simu au kwenye kinasa sauti kidogo, nacho kikawa ndiyo ghala. Ila kuna sharti: rekodi iwe kamili, isiyobanwa. Programu nyingi za simu hubana sauti ili kuokoa nafasi, zikitupa vile ambavyo sikio la binadamu haliwezi kuvitambua. Kompyuta si sikio la binadamu. Chagua faili la aina ya WAV, acha lile la MP3. Halafu sauti isiwe ndogo wala isiwe ya kupasuka. Utatafuta kipimo chake kwa kujaribu, na ukishakipata weka alama kwa kalamu.

Hivyo ndivyo nilivyoifungua ile kaseti ya ndani ya mkoba. Nilisafisha kichwa cha mashine ya kaseti hapa studio kwa spiriti, nikaipeleka kaseti mbele mpaka mwisho na kuirudisha ili mkanda ulegee, nikairekodi nzima mara moja tu, maana mkanda wa zamani unaweza kuchanika safari ya pili. Kisha nikaicheza ile rekodi kutoka kwenye kompyuta ya studio kuingia kwenye Model 100. Mara nne ikakataa. Mara ya tano, baada ya kupandisha sauti kidogo, kioo kikaandika kwamba kimepata kitu, na zikafuata zile herufi tano za kwenye karatasi.

Ilikuwa habari ya mchezo. Besiboli ya vijana wa shule mbili, jioni moja ya mvua. Mwandishi aliieleza mechi kwa aya sita safi, anajua anachokifanya, na ya saba inaanza kumtaja mtoto mmoja aliyeingia mwishoni kabisa badala ya mwenzake aliyeumia, analishika gongo, mpira unarushwa, halafu herufi zinavurugika. Mkanda una mkunjo mahali pale. Nimeusikiliza mkunjo ule kwa masikio yangu, ni kama mtu amekohoa.

Kwa hiyo nikaigeukia diski. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu kisanduku hiki kina historia inayonifurahisha. Tandy walikiuza kwa ajili ya waliochoshwa na kaseti. Diski moja inabeba kilobaiti 100 na mafaili yasiyozidi 40. Lakini iliyokitengeneza ni kampuni ya Brother ya Japani, na kisanduku hicho hicho, kwa jina jingine, waliwauzia wenye mashine za kufuma sweta, wahifadhi humo michoro ya maua na milia yao. Miaka mingi baadaye, wafumaji na sisi waandishi tukajikuta na tatizo moja. Ndani ya kisanduku mna mkanda wa mpira unaozungusha diski, na mpira ule ukizeeka unayeyuka na kuwa kama lami. Wangu niliukuta umegandamana kwenye gurudumu, ukinishika vidole. Na diski zake hazisomeki kwenye kompyuta ya kawaida hata kama zinaingia vizuri, kwa sababu zimeandikwa kwa utaratibu wa peke yake.

Basi watu wakaketi na kuichunguza lugha ambayo kisanduku huzungumza na mashine kupitia waya. Ni lugha fupi: nipe orodha, fungua hili, soma, andika, futa. Wakaandika programu za kuifanya kompyuta ya leo ijifanye ni kisanduku kile. Wafumaji wana zao na waandishi wana zetu, na maarifa yakavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Mtu anayetaka kuchora twiga kwenye sweta na mtu anayetaka kuokoa habari ya besiboli wanategemea kazi moja.

Kutoka hapo kimekuja kile ambacho kijana wetu wa mitambo hapa kituoni hakuacha kuniambia: "Kaka, nunua kile kidude cha kadi, umalize kazi." Anamaanisha kibao kidogo cha umeme, si kikubwa kuliko kiberiti, kinachochomekwa nyuma ya mashine. Kina tundu la kadi ndogo ya SD, na kinaongea lugha ile ile ya kisanduku cha diski. Mashine haijui kabisa kwamba miaka imepita. Inaomba orodha ya mafaili, inapewa. Kadi ya gigabaiti 32, ambayo leo ni ya kawaida dukani, ingeweza kuimeza kumbukumbu yote ya mashine hii karibu mara milioni moja. Nilikinunua. Kinafanya kazi vizuri sana, na kijana yule hakunidanganya.

Hata hivyo mimi nasema waya kwanza, kadi baadaye, na sababu yangu ni hii. Vidude hivi vinatengenezwa na watu wachache, kwa mapenzi, mezani kwao, kumi leo na ishirini mwezi ujao. Nawashukuru kwa moyo wote. Lakini siku mmoja wao akiacha, na changu kikiungua, nitabaki na nini? Nitabaki na mlango wa siriali, ule wa matundu 25 ulioko nyuma. Kanuni yake, RS-232, ilitolewa mwaka 1960, na hadi leo unapata kebo ya USB ya kuuunganisha na kompyuta yoyote. Waliopita waliuacha mlango wazi, na kila anayejua kuutumia haombi ruhusa ya mtu.

Unahitaji vitu viwili. Kebo hiyo ya USB, na kiunganishi cha kupishanisha nyaya, ili kinachotoka kwa mmoja kiwe kinachoingia kwa mwenzake. Usipopishanisha, pande zote mbili zinasema na hakuna anayesikia. Kisha mashine mbili zikubaliane namna ya kuzungumza. Kwenye Model 100 makubaliano hayo yanaandikwa kwa herufi tano: 88N1E. Ukiziona mara ya kwanza unaweza kukata tamaa, kumbe kila moja ina maana yake. Nane ya kwanza ni kasi, biti 9600 kwa sekunde. Nane ya pili ni idadi ya biti za kila herufi. N inasema hakuna biti ya ukaguzi. Moja ni biti moja ya kufungia herufi. E inaziruhusu pande mbili kuambiana "ngoja kidogo" na "haya, endelea". Kompyuta ya pili ukiiwekea mambo yale yale matano, mmeelewana.

Halafu unaingia kwenye programu ya mawasiliano iliyomo ndani ya mashine, unabonyeza kitufe cha kupandisha faili, unataja jina, na maneno yanaanza kutiririka kwenye kioo cha pili. Kwa hesabu ya karatasini, mazungumzo haya yote yangevuka kwa sekunde kama 18. Kutuma ni rahisi. Kupokea ndiko kunakohitaji subira, kwa sababu kioo cha mashine hii huchora polepole, na herufi zikija kwa fujo baadhi zinaanguka njiani. Mimi hushusha kasi mpaka biti 1200, nikachukua kikombe cha chai.

Faida nyingine ya waya ni kwamba hata kile kidude cha kadi kinauhitaji. Ili mashine iongee na kisanduku cha diski lazima iwe na programu ya kuongea nacho, na programu hiyo iko wapi? Iko kwenye diski. Ni kama ufunguo uliofungiwa ndani ya nyumba. Dawa yake ni kuandika kwenye BASIC amri moja fupi, RUN "COM:98N1E", inayoiambia mashine isikilize mlango wa nyuma na iendeshe chochote kitakachoingia. Upande wa pili unaipelekea programu kwa waya, na ndipo diski au kadi inapofunguka. Aliyeanza na waya hapati shida hapa. Aliyeanza na kadi hukwama hapa hapa, kisha anasema kidude ni kibovu.

Mbali na waya na kadi, kuna njia ya tatu ninayoiheshimu, kibao kiitwacho REX. Chini ya mashine pana kifuniko kidogo, na ndani yake soketi ya kuongezea programu. REX huingia pale, nayo inaweza kuipiga picha kumbukumbu nzima ya mashine na kuihifadhi mahali pasipohitaji betri. Ningekuwa nayo siku ile, maneno ya yule mvuvi yangerudi kwa kubonyeza vitufe viwili vitatu. Ila kazi yako bado imo ndani ya mashine. Mashine ikianguka mtaroni imeanguka nayo. Kwa hiyo naiona kama mto wa kulalia, na mlango ni ule ule wa nyuma.

Wenye mashine za aina nyingine nao wasijione wameachwa. Zile za mfukoni za HP za miaka ya 1990, kama 200LX, zina tundu la kadi pembeni, na kadi za CompactFlash huingia humo kwa kishikio cha bei ndogo. Kompyuta mpakato za miaka hiyo zenye diski ngumu ya IDE vilevile: CompactFlash ilitengenezwa kwa kufuata lugha hiyo hiyo ya IDE, hivyo unaiweka mahali pa diski na mashine inaendelea kama kawaida, tena kimya na bila joto. Angalia tu ukubwa. Nyingi za zamani haziwezi kuhesabu kupita megabaiti 504, na kadi kubwa itakuwa kama debe kwenye kibatari. Wenye PowerBook za kwanza za Apple, za mwaka 1991, zinazotumia diski za SCSI, wana vibao kama BlueSCSI, ambavyo huifanya kadi ya SD ionekane ni diski. Na kila mwenye diski ngumu ya zamani namsihi hili: ikiwa bado inazunguka, inakili nzima kwanza, sehemu kwa sehemu, kabla hujaing'oa. Usiitupe kwa sababu umepata kadi. Humo mna barua za mtu.

Narudi kwenye ile habari ya besiboli. Aya sita ninazo, kwenye mashine, kwenye kadi, kwenye kompyuta ya studio, na nimezichapa kwenye karatasi. Aya ya saba, kama kubahatisha kwangu ni sahihi, iko nzima kwenye diski, kwa sababu karatasi yake ina zile herufi tano. Kidude cha kadi hakinisaidii hapa. Kinajifanya kisanduku, lakini hakiwezi kuisoma diski ya plastiki iliyoandikwa miaka ile. Kwa vifaa nilivyo navyo, ni kisanduku chenyewe tu kinachoweza.

Fundi wangu amekisafisha. Alikaa nacho alasiri nzima, akiutoa ule mpira ulioyeyuka kwa kijiti kilichofungwa pamba na spiriti, mpaka gurudumu likawa jeupe. Amepima mzunguko kwa uzi, akaunyoosha uzi kwenye rula, akaniandikia kipimo kwenye kipande cha boksi. Tulijaribu mkanda wa mpira wa redio ya kaseti, ukalegea. Wa pili ukabana, mota ikalalamika. Akaniambia, "Usilazimishe, mwanangu. Diski ukiikwaruza mara moja, basi." Tumeagiza wa kipimo chake. Diski nimeiweka ndani ya bahasha, mbali na spika za hapa studio kwa sababu ya sumaku zake, na kila nikifungua droo naisoma ile karatasi. Mtoto yule bado ameshika gongo, mpira uko hewani, na mvua inanyesha.